Majina ya vikoa yanavyoandikwa na programu zinavyoyasoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa msimamizi wa tovuti ya duka, shule au ofisi, na kwa mtu anayeandika programu zinazopokea majina ya vikoa. Jina `mfano.co.tz` limetumika kufundishia tu. Anwani za IP zinazoanza na 192.0.2 na majina yanayoishia na `.example` yametengwa rasmi kwa maandishi ya aina hii, kwa hiyo hayamwelekei mtu yeyote.

## Misingi

1. Jina la kikoa lina sehemu gani?

`www.mfano.co.tz` ni vipande vinne vilivyotenganishwa kwa nukta. Kila kipande kiko chini ya kile kilicho kulia kwake: `tz` ni kikoa cha ngazi ya juu cha Tanzania, `co` kiko chini ya `tz`, `mfano` kiko chini ya `co`, na `www` ni jina ambalo mwenye `mfano.co.tz` amelipanga mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa.

Kulia kabisa, baada ya `tz`, kuna kipande cha tano kisicho na herufi hata moja. Huo ndio mzizi. Watu hawauandiki, lakini programu huuhesabu kila mara, na hitilafu nyingi zinazoonekana za ajabu zinatokana nao (swali la 12 na la 13).

2. Programu huanza kusoma upande gani?

Kulia. Sisi tunasoma `www` kwanza kwa sababu ndicho kipande cha kwanza machoni, lakini mfumo wa majina (DNS) unaanzia mwisho.

Simu yako haitafuti jina yenyewe. Inaiuliza risolva, yaani seva inayouliza kwa niaba yako, ambayo mara nyingi ni ya kampuni inayokupa intaneti. Kama risolva haina jibu katika akiba yake, huenda kwenye seva za mzizi na kuuliza ni nani anayeshika `tz`. Seva za mzizi hazijui `www.mfano.co.tz` iko wapi. Zinachojua ni seva za `tz`. Risolva inakwenda huko na kuuliza tena, inaelekezwa kwenye seva za `mfano.co.tz`, na hizo ndizo zinazotoa anwani ya IP. Ukitaka kuona safari yote kwa macho, andika `dig +trace www.mfano.co.tz` kwenye kompyuta ya Linux au Mac.

Mpangilio huu ungeweza kuwa kinyume. Vyuo vikuu vya Uingereza, katika mtandao wao wa JANET, viliandika `uk` mbele kabisa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Idara za sayansi ya kompyuta zilitumia kipande `cs`, na jina lao lilipoishia na `cs` likafika kwenye programu inayosoma kutoka kulia, programu iliona jina la Chekoslovakia, ambayo wakati huo kikoa chake kilikuwa `.cs`.

3. Nani aliamua kwamba Tanzania ni `tz` na Kongo ni `cd`?

Vikoa vya nchi hufuata orodha ya misimbo ya herufi mbili ya ISO 3166. Nchi ikibadilika, msimbo hubadilika na kikoa hufuata. Zaire ilikuwa na `.zr`, baada ya nchi kuitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997 kikaja `.cd`, na `.zr` kikaondolewa kwenye mzizi mwaka 2001. Tangu hapo, kwa programu, `.zr` ni neno lisilokuwepo.

4. Kwa nini ni `co.tz` na si `com.tz`? Na mbona serikali ya Kenya ni `go.ke` wakati ya Rwanda ni `gov.rw`?

Kila nchi hujipangia ngazi yake ya pili. Tanzania na Kenya zina `co`, `go`, `or`, `ac` na `sc`. Uganda nayo hutumia `go.ug`, Rwanda ikachagua `gov.rw`, na Kenya siku hizi inaruhusu pia kusajili moja kwa moja chini ya `.ke`. Hakuna kanuni ya dunia nzima inayoiambia programu kwamba `co` ni ngazi ya usajili na `mfano` ni mali ya mtu.

Hili lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Kivinjari huruhusu tovuti kuweka vidakuzi (cookies, yaani data ndogo ambayo kivinjari huihifadhi na kuirudisha kwa tovuti) vya kikoa chake kizima. Kama kingekiona `co.tz` kuwa ni kikoa cha kawaida, duka moja lingeweza kuweka kidakuzi kinachotumwa kwa kila tovuti iliyo chini ya `co.tz`, benki zikiwemo. Kwa kuwa DNS yenyewe haina jibu, vivinjari hubeba orodha iliyoanzishwa na Mozilla, iitwayo Public Suffix List, inayotaja ngazi zote ambazo watu husajili chini yake. `co.tz` na `co.ke` zimo. Anayeandika programu ya kutafuta "kikoa kikuu" asichukue vipande viwili vya mwisho tu: kwa `mfano.com` atapata jibu sahihi, kwa `mfano.co.tz` atapata `co.tz`. Atumie orodha hiyo, na aisasishe.

5. Je, `www` ni lazima?

Si lazima. `mfano.co.tz` na `www.mfano.co.tz` ni majina mawili tofauti kwa programu, na kila moja linahitaji rekodi yake. Tovuti ikifunguka kwa moja na kukataa kwa jingine, karibu kila mara ni rekodi moja iliyosahauliwa, au cheti cha usalama kinachotaja jina moja tu (swali la 17).

## Herufi na urefu

6. Herufi zipi zinakubalika?

Kwa jina la tovuti au seva: a hadi z, 0 hadi 9, na kistari. Kistari hakiwezi kuanza wala kumaliza kipande. Nafasi, koma, mkwaju na alama ya `&` hazikubaliki. Kanuni za mwaka 1985 zilikataza kipande kuanza na tarakimu. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1989, kwa hiyo `3mfano.co.tz` ni sawa leo.

Herufi kubwa na ndogo ni kitu kimoja. `MFANO.CO.TZ` na `mfano.co.tz` zinafika mahali pamoja. Tahadhari ni kwamba usawa huu unaishia kwenye jina la kikoa. Kinachofuata baada ya mkwaju, kama `/Bei` na `/bei`, husomwa na seva ya tovuti, na kwenye seva nyingi za Linux hizo ni kurasa mbili tofauti.

7. Biashara yangu ina jina lenye ng', kama Ng'ombe Bora. Niandikeje?

Ondoa alama: `ngombebora.co.tz`. Alama ya ng' ya kawaida (') haimo katika herufi zinazokubalika, na ile iliyopinda (’), ambayo simu huiweka yenyewe unapoandika, haikubaliki hata katika mfumo wa herufi za lugha nyingine (swali la 10).

Angalia zaidi pale unaponakili jina kutoka kwenye WhatsApp au Word na kulibandika kwenye fomu. Ile alama iliyopinda huja nayo, na pengine nafasi mwishoni au herufi isiyoonekana. Fomu inakukatalia jina ambalo kwa macho halina kasoro. Dawa ni kuliandika upya kwa mkono, herufi kwa herufi.

Kama maneno mawili yakiunganishwa yanasomeka vibaya, kistari kinaruhusiwa: `ngombe-bora.co.tz`. Lakini fikiria utakavyolitaja jina hilo redioni au kwa simu. Wengi hawatasikia kistari, na wengine watauliza kama ni kile cha juu au cha chini. Ukiweza, sajili yote mawili na uelekeze moja kwa jingine.

8. Mstari wa chini (`_`) unakubalika au haukubaliki?

Inategemea jina ni la nini. DNS yenyewe haina shida na mstari wa chini. Shida iko kwa majina ya seva na tovuti, ambayo hufuata kanuni ya swali la 6. Ndiyo maana unaambiwa uweke rekodi `_dmarc.mfano.co.tz` kwa ajili ya baruapepe, au `_acme-challenge.mfano.co.tz` ili upate cheti, na zote zinafanya kazi. Mstari wa chini uliwekwa pale makusudi: kwa vile hakuna seva inayoruhusiwa kuitwa hivyo, rekodi hizo haziwezi kugongana na jina la seva.

Ukiita tovuti `duka_letu.mfano.co.tz`, baadhi ya vivinjari vitaifungua, lakini watoa vyeti wanaoaminika hawatakupa cheti chenye jina hilo. Tumia kistari.

9. Kikomo cha urefu ni kipi, na kwa nini 63?

Kipande kimoja hakizidi herufi 63, na jina zima halizidi herufi 253 ukihesabu na nukta. Namba hizi zinaeleweka ukiona jina linavyosafiri kwenye mtandao, kwa sababu humo nukta hazimo kabisa. Kila kipande hutanguliwa na baiti moja inayotaja urefu wake, na jina huishia kwa sifuri, ambayo ndiyo ule mzizi mtupu:

```
3 w w w  5 m f a n o  2 c o  2 t z  0
```

Hizo ni baiti 17 kwa jina lenye herufi na nukta 15. Siku zote zinaongezeka mbili: moja ya urefu wa kipande cha kwanza, nyingine ya sifuri ya mwisho. Kikomo cha jina zima kwenye mtandao ni baiti 255, ndiyo maana machoni kinakuwa 253.

Na 63? Baiti ya urefu ina biti nane, lakini mbili za mwanzo zimetengwa. Zote mbili zikiwa 1, baiti hiyo haitaji urefu. Inaielekeza programu mahali pengine katika ujumbe uleule ambapo mwisho wa jina umeshaandikwa, ili `mfano.co.tz` isirudiwe mara kumi katika jibu moja. Biti sita zinazobaki haziwezi kuhesabu zaidi ya 63. Uamuzi huo ulifanywa miaka ya 1980 kwa ajili ya kubana ujumbe, na umekuwa mpaka wa majina yetu hadi leo.

## Majina yasiyo ya herufi za Kilatini

10. Je, jina linaweza kuandikwa kwa Kiarabu?

Linaweza. Mwezi Mei 2010 vikoa vya kwanza vya nchi visivyo vya Kilatini viliingia kwenye mzizi, vya Misri, Saudia na Falme za Kiarabu, zote kwa Kiarabu. Oman nayo ina kikoa chake cha Kiarabu, عمان, sambamba na `.om`.

Seva za DNS hazikubadilishwa kwa ajili hiyo. Kazi yote inafanywa na programu iliyo upande wako. Kivinjari hugeuza kila kipande kuwa herufi za kawaida kwa njia iitwayo Punycode na kukitia `xn--` mbele. Kikoa cha Oman kikifika kwenye DNS ni `xn--mgb9awbf`. Mji wa München, kama kipande, huwa `xn--mnchen-3ya`: herufi za kawaida zinatangulia, halafu baada ya kistari cha mwisho yanakuja maelezo ya herufi gani iliondolewa na inarudi wapi.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, kikomo cha 63 kinahesabiwa baada ya kugeuza, kwa hiyo kipande kifupi cha Kiarabu kinaweza kuwa kirefu kuliko unavyodhani. Pili, vistari viwili katika nafasi ya tatu na ya nne vimehifadhiwa kwa kazi hii, ndiyo maana wasajili hukataa kipande kama `ab--cd`.

Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na jina lenye vipande vya Kiarabu na vya Kilatini kwa pamoja linaweza kuonekana kwenye kioo kwa mpangilio unaopotosha. Ukiwa na shaka, lisome katika sura yake ya `xn--`. Hiyo haina mkanganyiko.

11. Kwa nini kivinjari kinanionyesha `xn--` badala ya jina lenyewe?

Kinakulinda. Herufi а ya Kisirili inafanana na a yetu kwa kila hali, lakini kwa programu ni herufi nyingine. Mwaka 2017 mtafiti Xudong Zheng alisajili jina lililoandikwa kwa Kisirili kitupu, na baadhi ya vivinjari vikalionyesha kama apple.com. Sura yake halisi ilikuwa `xn--80ak6aa92e.com`. Tangu hapo vivinjari vimekuwa vikali zaidi: kipande kikichanganya maandishi ya mifumo miwili, au kikifanana mno na jina maarufu, unaonyeshwa `xn--`.

Emoji hazikubaliki katika kanuni zinazotumika sasa, ingawa vikoa vichache vya nchi huziuza. Tunashauri usinunue. Baruapepe na fomu nyingi zitakukataa.

## Nukta ya mwisho

12. Nimeona jina limeandikwa `mfano.co.tz.` na nukta mwishoni. Ni kosa?

Hapana, hilo ndilo jina kamili kuliko yote. Nukta ya mwisho inasema: hapa ndipo mzizi, usiongeze kitu. Jina lisilo na nukta hiyo linaiachia programu nafasi ya kuongeza, na baadhi huongeza kweli.

Kwenye kivinjari usiiweke. Baadhi ya seva za tovuti hulinganisha jina herufi kwa herufi, na kivinjari hukiona kikoa chenye nukta na kisicho nayo kuwa ni viwili tofauti katika kutunza vidakuzi. Unaweza kufungua ukurasa ukakuta umetolewa nje ya akaunti yako.

13. Baruapepe haziingii, na ninaona `mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz`. Limetoka wapi hilo?

Limetoka kwenye nukta iliyosahauliwa. Hili ndilo kosa la kawaida kupita yote katika faili la zoni, yaani faili lenye rekodi za kikoa chako. Tazama:

```
$ORIGIN mfano.co.tz.
@      IN  MX  10  mail.mfano.co.tz
mail   IN  A       192.0.2.25
```

Mstari wa pili, yaani rekodi ya MX inayotaja seva ya kupokea baruapepe, hauna nukta mwishoni mwa `mail.mfano.co.tz`. Programu inalichukua kuwa jina lisilokamilika na kulimalizia kwa kilichoandikwa kwenye `$ORIGIN`. Seva za wengine zinapotaka kukuletea barua zinatafuta `mail.mfano.co.tz.mfano.co.tz`, hazilioni, na barua inarudishwa au inakaa kwenye foleni. Tovuti inaendelea kufunguka, kwa hiyo siku kadhaa zinaweza kupita kabla mtu hajashtuka.

Kurekebisha: andika `mail.mfano.co.tz.` na nukta, au `mail` peke yake. Ongeza namba ya toleo katika rekodi ya SOA, yaani rekodi ya maelezo ya zoni nzima, la sivyo seva za pili zinazonakili faili hilo hazitajua kwamba limebadilika. Kisha hakikisha kwa `dig mfano.co.tz MX +short`.

Ukitumia ukurasa wa kampuni inayokupangishia seva badala ya faili, kosa hilohilo linakuja kwa sura nyingine. Kurasa nyingi humalizia jina zenyewe, kwa hiyo kwenye nafasi ya jina unaandika `www` tu. Ukiandika `www.mfano.co.tz`, baadhi yake zitaongeza kikoa mara ya pili. Baada ya kuhifadhi, soma orodha ya rekodi kama inavyoonyeshwa, usiamini ulichoandika.

14. Ofisini naandika `hesabu` tu na mfumo unafunguka. Nyumbani haufunguki. Kwa nini?

Kompyuta ya ofisi imepewa orodha ya viambatisho vya kujaribu, kwa mfano `ofisi.mfano.co.tz`. Ukiandika `hesabu`, inajaribu `hesabu.ofisi.mfano.co.tz` na kulipata. Mtandao wa nyumbani hauna orodha hiyo.

Kwenye Linux orodha iko katika `/etc/resolv.conf`, mstari wa `search`, na `ndots` huamua lini ianze kutumika. Kwa kawaida `ndots` ni 1, maana yake jina lenye nukta moja au zaidi hujaribiwa kwanza kama lilivyo. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, huweka 5, kwa hiyo humo hata `www.mfano.co.tz`, yenye nukta tatu, huanza kuulizwa ikiwa imeongezewa viambatisho kimoja baada ya kingine. Programu ikionekana nzito kila inapoita huduma ya nje, weka nukta ya mwisho katika jina hilo na upime tena.

## Viungo, vyeti na baruapepe

15. Nimetumiwa kiungo kinachodai ni cha benki. Nitajuaje kikoa chake cha kweli?

Fanya kama programu inavyofanya, kwa mpangilio huu:

1. Anzia baada ya `://` na uishie kwenye mkwaju wa kwanza, `?` au `#`. Yote yanayofuata si kikoa.
2. Kama katika kilichobaki kuna `@`, futa kila kitu hadi kwenye `@` ya mwisho pamoja nayo.
3. Futa alama ya nukta mbili (`:`) na namba inayofuata, kama zipo.
4. Soma kilichobaki kutoka kulia.

Jaribu kwa hizi:

```
https://benki.co.tz.malipo-salama.example/ingia
https://benki.co.tz@malipo-salama.example/
https://malipo-salama.example/benki.co.tz/
https://benki-co-tz.example/
```

Hakuna hata moja ya `benki.co.tz`. Katika ya kwanza, `benki.co.tz` ni vipande tu ambavyo mwenye `malipo-salama.example` amejipangia, kama mtu yeyote anavyoweza kupanga `www`. Ya pili inatumia nafasi ya jina la mtumiaji, ambayo programu huitupa. Matapeli hupenda ya kwanza kwa sababu kioo cha simu ni chembamba na huonyesha mwanzo wa anwani. Mwisho wake, ambao ndio wenye ukweli, unakatwa. Igeuze simu iwe ya mlalo au bonyeza anwani uione yote kabla ya kuweka namba ya siri.

16. Kufuli kwenye kivinjari si uthibitisho?

Kufuli linathibitisha kwamba unazungumza kwa siri na mwenye jina lililoandikwa. Tapeli mwenye `malipo-salama.example` anaweza kupata cheti halali cha jina hilo. Rudi swali la 15.

17. Nimenunua cheti cha nyota, `*.mfano.co.tz`. Kinafunika nini?

Kipande kimoja tu mahali pa nyota. `www.mfano.co.tz` na `duka.mfano.co.tz` zimo. `bei.duka.mfano.co.tz` haimo, kwa kuwa ina vipande viwili hapo. Na `mfano.co.tz` yenyewe haimo, jambo linalowashangaza wengi. Lazima itajwe kivyake ndani ya cheti. Wauzaji wengi huiongeza bila kuombwa, lakini hakikisha kabla ya kulipa.

Nyota ya DNS ni kitu kingine. Rekodi ya `*.mfano.co.tz` hujibu hata kwa majina ya vipande vingi, ila huacha kujibu kwa jina ambalo tayari lina rekodi yoyote. Ukiweka rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye `duka.mfano.co.tz`, nyota haitakupa tena anwani ya IP ya `duka`.

18. Naweza kuweka CNAME kwenye `mfano.co.tz` yenyewe?

Hapana. CNAME inasema "jina hili ni lile", na jina lenye CNAME haliruhusiwi kuwa na rekodi nyingine za kawaida. `mfano.co.tz` lazima iwe na SOA na NS (rekodi inayotaja seva za DNS za kikoa), kwa hiyo zinagongana. Tumia rekodi ya A, yaani ya anwani ya IP, au huduma ya mtoa DNS wako inayotafuta anwani na kuijibu kama A. Kwa `www` CNAME haina tatizo. Rekodi ya MX nayo isielekezwe kwenye jina lenye CNAME, wala kwenye namba ya IP.

## Pembeni kabisa

19. Nimebadilisha rekodi lakini baadhi ya watu bado wanaenda seva ya zamani.

Kila jibu la DNS hubeba muda wa kukaa katika akiba, kwa sekunde. Kama ni 86400, risolva iliyouliza dakika moja kabla hujabadilisha italishika jibu la zamani kwa karibu siku nzima. Punguza hadi 300 siku moja kabla ya kuhama. Kupunguza baada ya kuhama hakusaidii waliokwisha uliza.

Hata jibu la "jina halipo" huhifadhiwa. Ukifungua jina jipya kwenye kivinjari kabla ya kuweka rekodi yake, unaiambia risolva yako ikumbuke kwamba halipo, kwa muda unaotajwa katika SOA. Weka rekodi kwanza, ndipo ujaribu.

20. Kumbukumbu za seva yangu ya DNS zinaonyesha `wWw.mFaNo.cO.tZ`. Nimevamiwa?

Hapana. Baadhi ya risolva huchanganya herufi kubwa na ndogo kwa kubahatisha, halafu hukagua kama jibu limerudi na mchanganyiko uleule. Anayetaka kughushi jibu inambidi aukisie. Seva yako ifanye kazi moja: irudishe swali kama lilivyoletwa. Ikiwa imeandikwa kugeuza yote kuwa herufi ndogo, risolva hizo zinaweza kulitupa jibu lako.

21. Mtandao wa ndani nitumie jina gani?

Usibuni. Jina ulilobuni leo linaweza kuuzwa kesho kama kikoa cha juu. Njia salama kuliko zote ni kipande chini ya kikoa chako, kama `ndani.mfano.co.tz`. La sivyo, `.internal` ilitengwa na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, mwaka 2024 kwa kazi hii. `.test` ni ya majaribio ya programu. Epuka `.local`: printa na kompyuta huitumia kutafutana zenyewe bila seva, na maswali yako yatakwenda kusikokusudiwa.

22. Je, kipande cha mwisho kinaweza kuwa namba tupu?

Hapana. Kivinjari kikiona mwisho ni namba kinadhani ni anwani ya IP, na kina njia nyingi za kuisoma. `http://2130706433/` na `http://0x7f.1/` zote humaanisha 127.0.0.1, yaani kompyuta yako mwenyewe. Anayeandika programu inayozuia anwani za ndani asilinganishe maandishi. Aigeuze kwanza kuwa anwani, ndipo aikague. Na kama ni jina, akague anwani ambayo DNS imelijibu.

23. Naandika fomu inayopokea jina la kikoa. Nilihakiki vipi?

Ondoa nafasi mwanzoni na mwishoni. Ondoa nukta moja ya mwisho kama ipo. Geuza kuwa sura ya `xn--` kwa maktaba iliyopo katika lugha yako ya programu, usiiandike mwenyewe. Geuza herufi zote kuwa ndogo. Hakikisha jina zima halizidi 253, kisha ligawe kwenye nukta na ukague kila kipande: herufi 1 hadi 63, za swali la 6, bila kistari mwanzoni wala mwishoni. Kipande kitupu, kama katika `mfano..co.tz`, kikatae.

Usiweke kikomo cha herufi mbili hadi nne kwa kipande cha mwisho. Kanuni hiyo bado inanakiliwa kutoka programu za zamani, nayo inawafungia nje wenye `.africa` na kila mwenye kikoa cha juu cha `xn--`. Katika baruapepe, kanuni hizi ni za upande wa kulia wa `@` tu. Upande wa kushoto una kanuni zake, na usiugeuze kuwa herufi ndogo kabla ya kutuma, kwa sababu seva inayopokea ndiyo pekee yenye haki ya kuusoma.